Doa angavu, doa la ukungu: jinsi kirusi cha bakteria kinavyoamua

Mpwa wangu anasoma bayolojia mwaka wa pili hapa Kampala. Juzi alinitumia picha ya sahani ya maabara kwenye simu. Walikuwa wamechota maji ya mfereji wa Nakivubo, ule unaoteremsha maji machafu ya jiji hadi Ziwa Victoria, wakayapitisha kwenye chujio ambalo bakteria hawapenyi, kisha wakachanganya tone la maji hayo na bakteria wa Escherichia coli na kumimina juu ya agari, ule ute mgumu wa kuoteshea bakteria. Asubuhi yake sahani ilikuwa imetandwa na bakteria, kijivu, kama utando wa juu ya maziwa yaliyopoa. Katikati ya utando huo kulikuwa na madoa ya mviringo, mithili ya chapati iliyotobolewa kwa kidole.

"Mjomba," aliandika, "madoa mengine ni angavu kama kioo, mengine yana ukungu katikati. Mhadhiri anataka tueleze sababu. Mimi nimeandika ni uchafu."

Nikamjibu afute haraka. Ukungu ule umewashughulisha watu wenye akili nyingi kwa zaidi ya nusu karne, na baadhi yao ulikuwa sehemu ya njia iliyowafikisha kwenye tuzo ya Nobel.

Hapa Uganda ukitaja virusi, mtu anawaza Ebola, au Zika, kirusi kilichopewa jina la msitu ulio karibu na Entebbe baada ya kupatikana humo mwaka 1947. Lakini sehemu kubwa ya virusi vya dunia hii havina habari na binadamu. Vinawinda bakteria. Mwaka 1915 Mwingereza Frederick Twort alieleza juu ya kitu kilichokuwa kikiyeyusha bakteria wake. Mwaka 1917 Félix d'Hérelle, akiwa Paris, akakipa jina la bakteriofaji, yaani mla bakteria. Sisi tuseme faji tu.

Doa linatokea hivi. Faji moja inamwingia bakteria mmoja, inazaliana ndani yake, inampasua, na watoto wake wanavamia majirani. Mchezo huo ukirudiwa usiku kucha, panabaki shimo linaloonekana kwa macho. Kama kila aliyeguswa alikufa, shimo ni angavu. Ukungu maana yake kuna waliobaki hai katikati ya mauaji, na si kwamba faji haikuwafikia. Iliwafikia, ikaingia, ikakaa kimya. Imejishona ndani ya DNA ya mwenyeji, na bakteria akijigawa anainakili pamoja na yake. Mgeni amekuwa mwanakaya. Tena bakteria mwenye mgeni huyo hashambuliki na faji nyingine ya aina ileile, ndiyo maana anaota pale katikati ya doa bila wasiwasi.

Basi kirusi hiki kina njia mbili, kupasua au kulala. Kinachaguaje, wakati hakina ubongo, hakina neva, hakina hata mashine yake ya kusoma jeni?

Faji iliyotufundisha mengi kuliko zote inaitwa lambda. Esther Lederberg alitangaza kuigundua mwaka 1951 huko Marekani, ikiwa imelala ndani ya bakteria wa maabara aitwaye K-12. Bakteria huyo alitolewa kwenye kinyesi cha mgonjwa mmoja wa California mwaka 1922 (mwaka uleule Makerere ilipofungua milango, kama unapenda kulinganisha), na wanasayansi walimfuga karibu miaka 30 bila kujua kwamba ana mpangaji.

DNA ya lambda ina herufi 48,502. Ya mwenyeji wake ina kama milioni 4.6. Hata polimerasi, ile mashine inayosoma DNA na kutoa nakala ya RNA ili protini itengenezwe, ni mali ya mwenyeji. Kinachobaki mikononi mwa lambda ni mpangilio: jeni gani isomwe, saa ngapi, kwa wingi gani, na protini itakayotoka idumu kwa muda gani. Hilo la mwisho vitabu vingi hulipitia mbio mbio. Mimi naona ndilo la kuanzia. Ukimtazama nani anatengenezwa utaelewa nusu. Nusu ya pili ni kumtazama nani anavunjwa.

DNA ya lambda ikiingia, polimerasi ya mwenyeji inaisoma kama inavyosoma DNA yoyote. Inaanzia mahali pawili, huku ikielekea kushoto, huku kulia, na kila upande inasoma jeni moja kisha inakutana na alama ya kusimama. Kushoto inapata jeni ya protini iitwayo N. Kulia inapata ya Cro. Kama mambo yangeishia hapo, faji ingefia mlangoni.

N ndiyo inayofungua barabara. Madereva wa malori ya kwenda Arua wanajua adha ya mizani: asiye na karatasi anasimamishwa ya kwanza na safari imekwisha. N ni ile karatasi. Kwenye RNA inayotoka kwa polimerasi kuna kipande maalumu. N inakishika, inajiunga na protini kadhaa za mwenyeji mwenyewe, na kundi zima linaipanda polimerasi mgongoni. Kuanzia hapo alama za kusimama hazina nguvu. Polimerasi inazipita kana kwamba hazipo na kufikia jeni za mbele: CII, CIII, zile za kunakili DNA, na Q. Mashine iliyokwisha kuanza safari imeruhusiwa kuendelea, basi; hakuna swichi mpya iliyowashwa. Na N yenyewe haidumu. Bakteria ana kimeng'enya kiitwacho Lon kinachoikatakata ndani ya dakika chache, kwa hiyo karatasi lazima itolewe upya kila mara.

Sasa CII. Hii ndiyo protini ninayoipenda kuliko zote katika kisa hiki, kwa sababu uhai wake uko mikononi mwa mwingine. CII ikiwa nyingi inawasha sehemu tatu kwa mpigo. Inaanzisha utengenezaji wa protini zuizi iitwayo CI. Inaanzisha utengenezaji wa kimeng'enya cha kushonea DNA ya faji ndani ya DNA ya bakteria. Na inatoa RNA inayokwenda kinyume na jeni ya Q, ili Q, ile inayofungua njia ya kupasua, ichelewe. Lala, jishone, ahirisha kupasua: amri tatu kwa kinywa kimoja. CII ikiwa chache, hakuna hata moja linalotokea, Q inajaa, na bakteria anahesabiwa dakika.

Kinachoamua wingi wake ni kimeng'enya kingine cha mwenyeji, FtsH, kinachoivunja CII upesi sana. Kazi ya CIII ni kujipeleka kwa FtsH kama chambo ili iwe na jingine la kutafuna. Ndani ya bakteria aliyeshiba, anayekua haraka, CII haidumu. Faji inazaliana na kumpasua. Ndani ya bakteria mwenye njaa CII inadumu zaidi, faji inalala. Ukikaa upande wa faji utaona mantiki yake. Kumpasua bakteria aliyekonda, kwenye maji yasiyo na chakula, ni kuzaa watoto wachache na kuwatupa nyikani. Afadhali kungoja mvua ukiwa ndani ya nyumba.

Jambo la pili ni idadi. Faji kadhaa zikimwingia bakteria mmoja kwa pamoja, kila moja inakuja na jeni yake ya CII na ya CIII, na FtsH inazidiwa. Wingi huo pia ni ishara kwamba nje huko wawindaji wamekuwa wengi kuliko mawindo. Mwaka 2010 Lanying Zeng, Ido Golding na wenzao walitazama kwa darubini bakteria mmoja mmoja, faji zikiwa zimetiwa rangi inayong'aa, wakaona matokeo yanaelezeka vizuri kwa hesabu hii: kila DNA ya faji iliyoingia inapiga kura yake, na seli hulala pale tu kura zote zikikubaliana. Moja ikikataa, seli inapasuka. Ni kikao cha ukoo ambacho kitinda mimba peke yake anaweza kuuza shamba.

Tuseme zote zimekubali, na CI imetengenezwa. Hapa tunafika mahali palipochunguzwa na watu, pengine kuliko kipande kingine chochote cha DNA chenye ukubwa huo, herufi kama 80 tu. Fikiria baraza nyembamba kati ya milango miwili. Mlango wa kulia unaelekea kwa Cro na jeni za kuzaliana. Mlango wa kushoto unaelekea kwa jeni ya CI yenyewe. Barazani kuna viti vitatu: cha kwanza kimegusa mlango wa kulia, cha tatu kimegusa mlango wa kushoto, cha pili kiko kati. Polimerasi ikitaka kuingia popote lazima ikanyage barazani, na kiti chenye mtu kinaweza kuizibia njia.

CI na Cro zinagombea viti hivihivi. Tofauti ni kiti kipi kinapendwa kwanza. CI hutembea mbili mbili. Jozi ya kwanza inakimbilia kiti cha kwanza, na ikishakaa inaivuta jozi nyingine kwenye kiti cha pili, kwa kuwa jozi hizo zinashikana. Mlango wa kulia umefungwa. Cro haitengenezwi, N haitengenezwi (upande wa kushoto wa mbali kuna baraza nyingine inayofungwa vilevile), faji nzima imenyamaza. Lakini jozi ya kiti cha pili ina kazi nyingine. Ubavu wake unaigusa polimerasi inayobisha mlango wa kushoto na kuikaribisha ndani. Yaani CI inamfungia mpinzani na kujizalisha yenyewe kwa kikao hichohicho. Zikizidi mno zinajaza hata kiti cha tatu, zinajizibia mlango, na wingi wake unashuka. Ndiyo sababu seli yenye lambda iliyolala inabaki na molekuli za CI kama 200, kizazi baada ya kizazi. Na faji mpya ya lambda ikiingia, inakuta walinzi tayari, wanaikalia baraza yake kabla haijasema neno. Ile kinga ya bakteria wa ukungu ndiyo hiyo.

Cro, kwa upande wake, hupenda kiti cha tatu kwanza. Ikikaa hapo mlango wa CI unazibwa, na usingizi hauwezekani tena.

Watu walilijuaje hili? Kwa kutazama sahani kama ile ya mpwa wangu. Mwaka 1957 Dale Kaiser alikusanya lambda zilizobadilika jeni, ambazo badala ya madoa ya ukungu zilitoa madoa angavu, akazigawa katika makundi matatu: zilizoharibika jeni ya CI, ya CII, na ya CIII. Herufi C katika majina hayo ni ya neno la Kiingereza lenye maana ya angavu. Huko Paris, François Jacob na Jacques Monod walikuwa wakijenga hoja kwamba jeni huzimwa na kitu kinachokaa juu yake, na lambda ilikuwa mmoja wa mashahidi wao. Pamoja na André Lwoff walipewa Nobel mwaka 1965. Kitu chenyewe kilikuwa bado hakijashikwa na mtu. Mwaka 1967 Mark Ptashne aliitenga CI na kuonyesha kwamba ni protini inayong'ang'ania DNA ya lambda.

Usingizi huu ni mzito. Bakteria anayeamka mwenyewe bila kusumbuliwa ni mmoja kati ya 100,000 au hata pungufu. Lakini mwaka 1950 Lwoff na wenzake walimulika bakteria wenye faji iliyolala kwa mionzi ya urujuanimno, na ndani ya muda mfupi karibu wote wakapasuka. Kengele gani ililia?

DNA ya bakteria ikiharibika, vipande vyenye uzi mmoja hufunikwa na protini iitwayo RecA. RecA iliyojipanga hivyo ni mbiu ya hatari: inaichochea protini zuizi ya bakteria mwenyewe, LexA, ijikate vipande viwili, na jeni za kukarabati DNA zinafunguka. CI ya lambda imeumbwa kwa mfano wa LexA. Ina kichwa kinachokaa kwenye DNA, mkia unaoshikana na wenzake, na shingo katikati. Mbiu ikilia nayo inajikata shingoni. Vichwa vilivyobaki peke yake havina nguvu ya kukaa vitini, vinaanguka, mlango wa kulia unafunguka, na Cro ya kwanza inayotoka inakimbilia kiti cha tatu. Hakuna kurudi. Kirusi kimesikiliza redio ya mwenye nyumba, kikasikia kwamba nyumba inaungua, kikafungasha.

Kinachofuata ni Q. Nayo ni karatasi ya kupitia mizani kama N, ila kwa barabara moja ndefu. Kuna polimerasi ambazo muda wote huu zimekuwa zikianza safari na kusimama baada ya herufi kama 200 tu. Q ikifika, zinaachiwa zisome zaidi ya herufi 20,000 mfululizo, jeni zote za vichwa vya faji, mikia, na zana za kuvunja ukuta wa seli. Chini ya saa moja tangu kuingia, faji mpya kama 100 ziko nje.

Si kila faji ina subira hii. T7, yenye herufi 39,937, haijui kulala. Inaiachia polimerasi ya mwenyeji isome jeni zake za mwanzo tu, na mojawapo ni jeni ya polimerasi ya T7 yenyewe, ndogo, ya kasi, isiyotambua mwanzo wa jeni yoyote isipokuwa za T7. Kisha protini nyingine ya T7 inaishika ya mwenyeji na kuizima. Kiwanda kimebadilisha mmiliki. Polimerasi hiyo ya T7 leo inauzwa kwa maabara ikiwa kwenye vichupa, na ndiyo iliyotumika kutengeneza RNA ya chanjo za Covid-19 za aina ya mRNA. Huenda wewe msomaji una deni kwa faji bila kujua. T4 haina haja ya mashine mpya. Inamvisha mwenyeji sare: inabadilisha hatua kwa hatua kile kipande cha polimerasi kinachotambua pa kuanzia, hadi ikisoma isome ya T4 tu.

Kuna zile zinazozungumza. Mwaka 2017 kikundi cha Rotem Sorek huko Israeli kilieleza faji za bakteria wa Bacillus ambazo kila zinapoambukiza huacha nje kipande kifupi cha protini, asidi amino 6 tu. Vipande vikizidi katika maji, faji zinazofuata zinajua mawindo yamekwisha windwa sana, zinalala. Mvuvi wa Ziwa Victoria anayekuta ngalawa nyingi zimetangulia angefanya hivyohivyo.

Mpwa wangu alikuwa amesoma hadi hapa akauliza faida yake ni nini hospitalini. Swali zuri, na jibu lake limo kwenye Q.

Kuna aina ya E. coli, O157:H7, inayoleta kuhara damu na wakati mwingine kuharibu figo. Sumu yake, iitwayo Shiga, haikuandikwa kwenye jeni za bakteria wa asili. Imeandikwa kwenye faji iliyolala ndani yake, jamaa ya lambda, na jeni ya sumu iko ng'ambo ya ile mizani inayofunguliwa na Q. Faji ikilala, sumu ni kidogo. Ikiamka, sumu inatengenezwa kwa wingi na seli inapasuka kuimwaga. Sasa kumbuka kinachoiamsha: DNA iliyoharibika. Dawa kama siprofloksasini huua bakteria kwa kuharibu DNA yao. Kwa hiyo dawa inaweza kupiga ile mbiu na kuongeza sumu. Ndiyo maana madaktari wanasita kutoa antibayotiki kwa mgonjwa wa bakteria huyu, ingawa kuhara damu kunakotokana na bakteria mwingine, Shigella, mara nyingi kunazihitaji. Dalili zinafanana, matibabu yanapishana. Anayejinunulia "sipro" duka la dawa bila kupimwa choo anacheza na baraza ya viti vitatu asiyoiona.

Kipindupindu, ambacho wavuvi wa kando ya Ziwa Albert na Ziwa Edward wanakijua mno, nacho kina faji nyuma yake. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha kwamba jeni za sumu ya kipindupindu zinabebwa na faji nyembamba kama uzi. Lakini mpangilio ni tofauti kabisa: faji hii hutoka bila kumpasua mwenyeji, na swichi ya sumu ameshika bakteria, ambaye huiwasha akishajua yuko tumboni mwa mtu. Ufunguo umebaki kwa mwenye nyumba.

Swali la mwisho la kijana lilikuwa la kazi. Wenzake wanataka kutafuta faji za kutibu samaki wa mabwawani. Wachote doa lipi? Angavu, nikamwambia, maana faji ya kulala haifai kuwa dawa. Inaweza kumpa bakteria kinga, au jeni ya sumu. Halafu wasiliamini doa hilo. Lambda iliyoharibika CI nayo hutoa doa angavu, kama Kaiser alivyoona, lakini bado ina jeni ya kujishonea, na ikikutana ndani ya seli na jamaa yake aliyelala inaweza kuazima CI nzima na kurudia tabia za zamani. Lazima wasome DNA yake yote na kutafuta kimeng'enya cha kushonea. Kikiwepo, watupe.

Akanijibu kwamba mhadhiri anataka kurasa mbili tu, na lile neno "uchafu" ameshalifuta.